Uliza Shangazi wa Baiskeli: London mpaka Brighton, na ule mlima wa mwisho

Kila ikikaribia mwezi wa sita simu yangu haipumui. Wasomaji wa London, wa Leicester, wa Mombasa, mpaka wa Dar wote wanauliza kitu kilekile, ile safari ya baiskeli ya London mpaka Brighton. Kwa wageni wa safu hii niseme haraka tu: ni Jumapili moja ya mwezi wa sita, mara nyingi inaangukia Siku ya Akina Baba, maelfu ya watu wanaanzia uwanja wa Clapham Common kusini mwa London alfajiri, wanapiga pedali maili 54, yani kama kilomita 87, mpaka barabara ya Madeira Drive pale ufukweni Brighton. Ilianza 1976 na kikundi kidogo tu cha watu, na toka 1980 inachangisha hela za British Heart Foundation, shirika la hisani la magonjwa ya moyo. Sio mashindano. Narudia, sio mashindano, maana kuna watu kila mwaka wanaandika wanauliza zawadi ya mshindi ni shilingi ngapi.

Mimi nimeenda mara nne. Mara moja nimefika wa mwisho kabisa katika kundi letu, na nimezaliwa Tanga jamani, mji ambao mtoto anajua baiskeli kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Basi tuanze.

Shangazi shikamoo. Nina miaka 44, nafanya kazi ya kulea wazee hapa Croydon, wenzangu wa kazini wameniandikisha hiyo ya Brighton bila kuniuliza vizuri, mi nikadhani ni utani. Baiskeli mara ya mwisho nimepanda Kigoma nikiwa sekondari. Zimebaki wiki tisa. Halafu kuna mmoja kaniambia kuna mlima mwishoni watu wanalia. Nijitoe au? – Mwenye hofu, Croydon

Marahaba mwanangu. Usijitoe. Wiki tisa zinatosha kabisa kama hautazipoteza kwa kuogopa.

Fanya hivi, chukua siku moja ya wiki ambayo huna shifti, panda kilomita 15 taratibu, wiki inayofuata 20, halafu 30, 40, ukifika 60 bila kuomba wakuletee gari basi 87 utazimaliza, zile zilizobaki zinabebwa na watu walio pembeni yako na kelele za wale wanaosimama nje ya nyumba zao wanapiga makofi. Katikati ya wiki panda hata nusu saa kwenda kazini. Ukienda mwendo wa kilomita 16 kwa saa ni masaa matano na nusu ya kuendesha, weka na kupumzika, kula, foleni ya choo, sema masaa saba au nane. Hakuna anayekukimbiza.

Sasa mlima. Unaitwa Ditchling Beacon, ndo sehemu ya juu kuliko zote East Sussex, mita 248 toka usawa wa bahari. Unacheka? Mtu wa Kigoma atasema mita 248 ni tuta. Ndugu yangu, tatizo sio urefu, tatizo ni kwamba unakutana nao ukiwa umeshatembeza miguu zaidi ya kilomita 70, na wenyewe umesimama kama ngazi ya mnazi, kilomita moja na nusu hivi, mwinuko wa wastani asilimia 9 na kuna kona zinafika 16. Barabara nyembamba, miti imeifunika juu, huoni mwisho, kila kona unasema hii ndo ya mwisho, kumbe kuna nyingine inakusubiri na mikono kiunoni. Tour de France ya mwaka 1994 ilipita hapo siku walipotoka Dover kuja Brighton, kwa hiyo ukiwa unahema pale ujue unahema mahali pa heshima.

Na siri ambayo wenzako wa kazini hawajakwambia: watu kibao wanashuka na kusukuma. Wengi mno. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta upande wa kushoto ni msururu wa watu wanasukuma baiskeli kama msafara wa kwenda sokoni Jumamosi, upande wa kulia wale wachache wanapanda, na katikati sauti ya cheni zinalia krr krr na mtu anasema samahani, samahani, napita. Nilikuwa nimeapa sitashuka. Nikashuka kona ya pili. Kuna babu mmoja kavaa fulana yenye picha ya mkewe mgongoni, alikuwa anasukuma mbele yangu polepole, anasimama, anasukuma, wala hakuna aliyemcheka. Ukiona umeanza kuyumba huku na huku shuka mapema ukae pembeni kushoto, maana anayeanguka ghafla pale anaangusha na watano walio nyuma.

Lakini nikuambie kosa langu kubwa ili usilirudie. Mimi nimekulia kwenye Foniksi, baiskeli ya chuma, ina uzito wa ng'ombe na gia moja tu aliyokupa Mungu. Nilipofika huku nikaazima baiskeli yenye gia ishirini na moja nikaona ni mapambo. Nikatoka Clapham na gia ngumu, nikaenda nayo Mitcham, Carshalton, nikapanda nayo Turners Hill huku magoti yanalia kama mlango wa ghala, mpaka dada mmoja wa Kizungu akanisogelea akaniuliza kwa upole kabisa, mpenzi, hiyo gia imekwama? Nikasema hapana, ndo nilivyoizoea. Akanyoosha kidole kwenye kile kitufe cha gia cha mkono wa kushoto akasema bonyeza. Nikabonyeza. Wallahi ilikuwa kama mtu kanishushia gunia la mahindi mgongoni. Kwa hiyo jifunze: duara dogo la mbele pamoja na duara kubwa la nyuma ndo gia ya mlima, na unabadilisha KABLA mlima haujaanza, sio ukiwa umeshakwama katikati na miguu imekaza, hapo cheni itaruka au itakatika. Nenda Crystal Palace ukazoee, ile milima ya pale haina huruma na iko karibu na wewe.

Ukishafika juu Ditchling kuna sehemu ya kupaki magari na mara nyingi gari la kuuza aiskrimu. Nunua. Bahari unaiona kwa mbali, na toka hapo karibu yote ni mteremko mpaka mjini, shika breki zote mbili taratibu taratibu, usiibane ya mbele peke yake utaruka juu ya usukani.

Assalam aleikum. Mimi ni mama mtu mzima, naishi Kisauni. Mtoto wa dadangu yuko huko Ulaya kanitumia linki kwa Whatsapp ati nimchangie. Nikamuuliza nani mgonjwa, asema hakuna. Nikamuuliza waoa? Asema la. Ati ataendesha baiskeli kutoka mji mmoja mpaka mji wa pili. Sasa mwanangu, baiskeli ni yake, miguu ni yake, raha ni yake, mimi nilipie nini? Au ndio huu utapeli wa mitandaoni? – Khalati, Mombasa

Waaleikum salaam, shikamoo mama. Hapo kwenye "raha ni yake" nimecheka peke yangu, maana angekuona mpwa wako akiwa katikati ya ule mlima asingekubali neno raha.

Sio utapeli, ila maswali yako ni ya haki kabisa na mimi mwenyewe yalinisumbua. Sisi mchango tunaujua toka tumboni mwa mama zetu. Kadi ya harusi inakuja na kiasi kimeshaandikwa, msiba unakuja watu wanakaa mkekani na daftari, kikundi cha akina mama kina mwenyekiti na mweka hazina anayejua nani hajatoa toka Machi. Lakini kwetu anayechangiwa ana jina na ana sura. Ni fulani, mtoto wa fulani, figo, au ada, au mahari. Huku mtu anachangisha kwa ajili ya watu ambao hatawaona maisha yake, tena wengine hawajazaliwa, na kwa kuwa anajua hilo ni gumu kumwingia mtu moyoni basi analipia kwa jasho kwanza. Yani anasema mimi nitateseka siku nzima hadharani, we toa hata kidogo. Ndo mantiki yao. Baiskeli ni kisingizio cha kukufanya uone haya kukataa, na inafanya kazi!

Sasa hela inaenda wapi. British Heart Foundation ilianzishwa 1961, kazi yake kubwa ni kulipia utafiti wa moyo. Wenyewe wanasema miaka ya sitini huku Uingereza katika watu kumi waliopatwa na shambulio la moyo zaidi ya saba walikufa, siku hizi saba katika kumi wanapona. Sio shirika moja lililofanya hayo yote, ni madaktari, dawa, hospitali, watu kuacha sigara, ila hela ya utafiti ilitoka mahali, na sehemu yake ilitoka kwa watu kama mpwa wako waliokaa juu ya siti ngumu ya baiskeli.

Namna ya kuhakiki: kwenye ile linki angalia kama jina la shirika limeandikwa na namba ya usajili, Uingereza kuna daftari la serikali la mashirika ya hisani liko wazi mtandaoni, mwambie binti yako aliye na simu nzuri atafute. Kwenye kurasa za kweli hela inakwenda moja kwa moja kwa shirika, haipiti mfukoni kwa mpwa. Akikwambia "khalati nitumie mimi kwa simu nitakuwekea" pengine ni mkweli tu, kadi yako inaweza kugoma kulipa huko, ila mkumbushe kitu kimoja. Kule kuna kisanduku cha kutiki kinaitwa Gift Aid, mtu anayelipa kodi Uingereza akichanga pauni moja serikali inaongezea shirika peni 25 juu yake. Hiyo ni kwa hela ya mlipa kodi mwenyewe. Hela yako ya Kisauni akiiweka yeye kwa jina lake akatiki hapo amedanganya, hata kama nia ni njema. Aiweke bila kutiki, aandike "kutoka kwa khalati", basi.

Na kama huna nafasi mama usitoe, muombee dua na mwambie akifika akutumie picha.

Shangazi mambo. Mi ni dada wa miaka 29, Leicester, navaa hijabu na mara nyingi buibui. Nataka sana kwenda mwakani na dada zangu wawili ila nina maswali ya aibu: (a) nguo, sitaki zile taiti, (b) makalio, nilijaribu kilomita 20 nikashindwa kukaa siku mbili, (c) chakula halali na kuswali. – Naona haya, Leicester

Poa mdogo wangu. Aibu ya nini, haya ndo maswali yenyewe, hao wanaume wanaoandika kuuliza uzito wa baiskeli kwa gramu ndo waone aibu.

Buibui hapana. Sio kwa sababu ya dini ya mtu wala macho ya mtu, kwa sababu ya cheni. Nimeshaona kitambaa kikinaswa kati ya cheni na meno, mwenyewe akavutwa chini kama kuku, Mungu saidia alikuwa anaenda polepole. Vaa suruali pana kiasi ya kitambaa chepesi, ifunge kifundoni kwa mpira au kibanio hasa mguu wa kulia maana cheni iko upande huo, juu yake kanzu fupi au dera lililokatwa linaloishia magotini na lenye mpasuo pembeni ili usikalie kitambaa. Ndani ya hiyo suruali sasa, hakuna atakayeiona, vaa bukta ya baiskeli yenye sponji. Na hapa nisikilize: chini ya hiyo bukta USIVAE CHUPI. Najua, najua. Ile mishono ya chupi ndo iliyokutoa machozi kwenye kilomita 20. Paka mafuta ya mgando kila mahali panaposuguana, paka mengi, kama unapaka mtoto aliyetoka kuoga mwezi wa saba. Na siti yenyewe iangalie, mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedali goti libaki limekunjika kidogo tu, siti ikiwa chini sana uzito wote unakalia makalio badala ya miguu. Na siti pana ya kochi haisaidii safari ndefu, inasugua zaidi.

Hijabu chukua ile ya michezo, nyembamba, ya kuvuta kichwani bila pini. Pini chini ya helmeti ni mateso, inakandamizwa masaa saba. Helmeti ikae juu ya nyusi vidole viwili, ipime ukiwa umevaa hijabu hiyohiyo, sio dukani na nywele tupu halafu siku ya safari haiingii.

Chakula beba chako. Vituo vya njiani vipo, vijijini akina mama wa kanisani wanauza keki na chai na baga, ila ukiwa na chako huna wasiwasi. Hao wenye michezo yao wananunua vile vipakiti vya jeli ya sukari vya bei mbaya, mimi nabeba kashata za nazi nimezikata vipande vidogo, tende, ndizi mbili na chapati iliyokunjwa na karanga za kusaga ndani. Kashata imeshanitoa Lindfield mpaka chini ya Ditchling nikiwa sina hata tone la nguvu. Kula kabla njaa haijaja, kila nusu saa kitu kidogo, na maji vilevile.

Swala wala isikutie presha. Mwezi wa sita huku adhuhuri inaingia kama saa saba mchana na alasiri inachelewa mpaka imepita saa kumi na moja, una zaidi ya masaa manne ya kutafuta majani safi, na njiani majani ndo yamejaa. Dada mmoja aswali, wawili mlinde baiskeli, mnabadilishana.

Shangazi, nina 58, natumia dawa za presha mwaka wa sita. Mke wangu hataki niende, mi nataka. Amua. – Mzee wa Reading

Kaka, mi siamui, anaamua daktari wako, nenda kamuone mapema sio wiki ya safari, mwambie ukweli kuwa ni kilomita 87 na mlima, usimwambie "ka-baiskeli kidogo". Kuna dawa za presha zinazozuia mapigo yasipande, ukivaa saa ya kupima mapigo itakudanganya kuwa umetulia wakati mwili umechoka, muulize kama yako ni mojawapo. Dawa zako meza kama kawaida siku hiyo, usiruke. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanaenda mkono au taya, jasho baridi, unasimama palepale na namba ya dharura 999 inapigwa, usiseme ngoja nifike juu.

Na hii ni kwa wote mnaosoma: mtu akianguka na hapumui vizuri, piga simu halafu kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Mke naye umwambie umekuja kwangu nikamuunga mkono nusu.

Kwa nini Brighton kila siku? Kwani Uingereza hakuna miji mingine? – Msomaji, Zanzibar

Ipo. Ila toka London kwenda kusini bahari iliyo karibu na yenye raha ndo hiyo, na watu wamekuwa wakiikimbilia kwa kila chombo. Mwaka 1869 mabwana watatu walitoka London na zile baiskeli za mwanzo za mbao na chuma, wawili wakachoka njiani, John Mayall peke yake ndo akafika Brighton juu ya magurudumu. Mwaka 1896 nao wenye magari wakafanya msafara wao kushangilia sheria ya mwendo kulegezwa, mpaka leo magari ya kizee yanaurudia kila Novemba. Halafu Brighton yenyewe na jirani yake Hove wamepewa hadhi ya jiji mwaka 2000 tu, kwa hiyo miaka ile ya mwanzo hii ilikuwa safari ya kutoka jijini kwenda mjini, wasikupe majivuno.

Oya shangazi, mi niko Dar, Kinondoni, tuna klabu yetu ya baiskeli watu kama 30. Naona mnasifia ya Wazungu, hela zenyewe zinabaki hukohuko kwao. Moyo unaumwa Ulaya tu? Kwa nini tusifanye yetu Dar–Morogoro? – Mtoto wa Kino

Aaah hapa umenigusa. Kwanza nikubaliane na wewe, hela ya ile safari inalipia zaidi utafiti wa Uingereza, hakuna haja ya kuficha. Ila utafiti una miguu. Chukua mfano wa Magdi Yacoub, Mmisri, kazaliwa Bilbeis, akaja huku akawa bingwa wa kupandikiza moyo, mwaka 1986 akateuliwa kuwa profesa wa upasuaji wa moyo wa hiyohiyo British Heart Foundation. Huyohuyo akaanzisha shirika la kupeleka madaktari wa moyo kwa watoto wa nchi maskini, na 2009 kikafunguliwa kituo chake cha moyo Aswan, watoto wanapasuliwa bure. Kwa hiyo sio kila kitu kinabaki.

Lakini swali lako la pili ndo lenye nyama. Moyo hauumwi Ulaya tu. Kwetu mtoto anaumwa koo, anapewa tangawizi, anapona, koo lingine, tangawizi, miaka baadaye valvu za moyo zimeharibika na yuko kwenye foleni ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Ugonjwa ambao antibiotiki kwa wakati ingeuzuia. Mkitaka sababu ya kupiga pedali mnayo, haina haja ya kuazima ya mtu.

Dar–Morogoro lakini hapana mwanangu, sio kwa kuanzia. Ni karibu kilomita 190 na ile barabara ndo inabeba malori yote ya Zambia na Kongo na mabasi ya bara. Nilishawahi kupita pale ndani ya basi nikamuona mwendesha baiskeli kabeba magunia ya mkaa akishuka lami kila gari likipiga honi, anaingia kwenye vumbi, anapanda tena, anashuka tena. Weka watu 300 wasio na uzoefu hapo ni kuita msiba. Uzuri wa London–Brighton sio baiskeli, ni kwamba siku hiyo kuna barabara za njiani zinafungiwa magari, kila njiapanda kuna mtu kavaa fulana ya kung'aa, kuna mafundi, kuna watu wa huduma ya kwanza. Hiyo ndo kazi ngumu. Na usiniambie Afrika haiwezekani kufunga barabara, Kigali toka 2016 wana Jumapili zao za kufungia magari barabara watu wakimbie na kuendesha, na Septemba 2025 wakafunga barabara kibao za mji kwa mashindano ya dunia ya baiskeli, mara ya kwanza Afrika.

Anzeni Dar–Bagamoyo. Najua Bagamoyo sio jiji, lakini ni kilomita kama 65, mnatoka saa kumi na mbili asubuhi Jumapili kabla jua halijawa na hasira, mnamaliza na samaki. Andikeni barua trafiki miezi kabla na sio wiki kabla. Mtafute pikapu mbili za kubeba waliochoka na fundi mwenye spoki, tyubu na pampu. Halafu kitu kinachoua michango yetu yote, mahesabu. Fungueni akaunti ya hospitali au ya mfuko husika, watu waweke huko moja kwa moja, nyie msishike hata mia, na wiki ileile mtoe picha ya risiti kwenye grupu. Mkishika hela nyie, hata mkiwa malaika, mwaka wa pili hakuna atakayekuja. Mkifanya niandikieni, nitakuja likizo, ila kwa gia.

Shangazi nimemaliza maandalizi yote, swali dogo tu, kurudi London unarudi na baiskeli kwa treni si ndio? – Kijana, Barking

Siooo! Ngoja nikukamate hapohapo. Siku hiyo treni za Brighton kurudi London hazibebi baiskeli, hebu fikiria maelfu ya watu na baiskeli zao kwenye stesheni moja. Unakata mapema tiketi ya basi la waandaaji, wewe unapanda basi, baiskeli inapanda lori, mnakutana Clapham. Zinajaa.

Mimi mwaka ule wa kwanza sikujua. Nimefika Madeira Drive saa kumi na moja jioni, medali shingoni, chumvi imekauka usoni, nakula chipsi za siki miguu iko ndani ya mawe ya pwani, maana Brighton hawana mchanga, ni kokoto, nikasema sasa niende stesheni. Mtu wa getini akaangalia baiskeli, akaangalia medali, akatikisa kichwa. Kwetu Tanga tunasema waja leo waondoka leo, mimi nimekuja leo na kuondoka hakuna. Nikaanza kupiga simu kwa kila Mswahili ninayemjua kusini mwa nchi, wa tisa ndo akapokea, jamaa wa Pemba anakaa Crawley ana gari la kubebea mazulia. Akaja saa tatu usiku bado kuna mwanga, tukaisukuma baiskeli katikati ya marobota, na njia nzima alikuwa ananiuliza swali moja tu: "Dada, sasa kama gari lipo, ulikuwa unaendesha baiskeli ya nini?"

Kata tiketi ya basi leo, na hakikisha baiskeli nayo ina nafasi yake kwenye lori.